Kiingereza mwaloni: shajara ya mradi wa kigango chetu

Septemba 14, 2024

Darasa la saba wamemaliza mtihani wao wa taifa Alhamisi. Kuanzia leo mpaka shule zifunguliwe Januari, watoto hawa hawana tena kazi ya daftari. Wavulana tutawaona kwenye mitumbwi, wasichana kwenye vichanja vya dagaa, halafu siku moja wote wataingizwa kwenye chumba ambamo Bayolojia, Jiografia na Hisabati zinasemwa kwa Kiingereza. Miaka saba wamesoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu kama mengine, na nyumbani wengi wao wanaongea Kisukuma. Mjini Mwanza mzazi mwenye uwezo humlipia mwanawe kozi ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Huku upande wa Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, kozi hiyo haipo, na hata ingekuwepo, wangapi wangeilipia?

Ndiyo maana kamati ya elimu ilimwomba Baba Paroko atupe ukumbi wa kigango mpaka Krismasi. Alikubali, kisha akatupa habari tusiyoitarajia: shirika la kimisionari analofahamiana nalo litatuletea vijana wawili wa kujitolea, msichana kutoka Poland na mvulana kutoka Ireland. Barua yao haifichi kitu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Msichana ana cheti cha mtandaoni, kozi ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho. Mvulana amezaliwa nacho, basi.

Kamati ilimpenda mvulana hata kabla hajafika. Mzee mmoja wa baraza la walei aliuliza bila kuzunguka, "Huyo wa Poland atafundisha Kiingereza gani, na kwao wanaongea Kipolandi?" Watu wakacheka. Ratiba ya awali iliyopitishwa inampa mvulana vipindi vyote vya mazungumzo; msichana ameachiwa sarufi na kusahihisha madaftari. Mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimepewa kuwasimamia wote wawili na kuandika shajara hii. Nakala inakwenda kwa Padre na kwa hao waliowatuma.

Septemba 21

Wamefika jana wakitokea Musoma, walikokuwa Makoko wakijifunza Kiswahili. Tuliwapokea stendi ya Nyamhongolo mvua ikiwa inapiga. Akina mama wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, hawakupoteza muda: msichana akaitwa Kabula palepale, jina la binti aliyekuja na mvua. Mvulana ni mrefu, ana ndevu na kicheko kikubwa. Kabla hatujafika Igombe alikuwa tayari ni Ngosha. Nitawaandika kwa majina hayo.

Vibali vyao vya ukaazi ni vya daraja C, ndivyo wanavyopewa wamisionari na watu wa kujitolea. Nimeweka nakala kwenye faili. Mtu anayeingia kwa viza ya utalii kisha akashika chaki anajitafutia balaa, na anaitafutia parokia balaa kubwa zaidi.

Leo tumekaa chini ya mwembe nikawasomea masharti. Hakuna mwalimu kubaki na mtoto mmoja peke yao ndani ya ukumbi. Hakuna fimbo. Hakuna zawadi ya mkononi kwa mtoto huyu na yule asipate. Picha ya mtoto haiendi mtandaoni mpaka mzazi akubali kwa maandishi. Tuna Sheria ya Mtoto ya 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata kama zisingekuwepo, mtoto wa mwenzako si mapambo ya simu yako. La mwisho, hakuna kuogelea ziwani. Ngosha akaniuliza mbona watoto wanaogelea. Nikamwambia watoto hao hao ndio wanaomezeshwa vidonge vya kichocho shuleni. Akaelewa, ingawa jioni nilimwona amekaa juu ya jiwe anayatazama maji kwa uchungu.

Chakula hakina shida. Kabula amependa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mpaka mama mwenye nyumba ameanza kuyaficha.

Septemba 28

Kikao cha wazazi. Walikuja wengi kuliko wanaokuja kwenye vikao vya michango.

Swali la kwanza lilikuwa lile nililolitegemea, na aliyeliuliza ni baba mmoja Mwislamu, fundi wa mitumbwi: "Mwalimu, sisi tunaleta watoto wajifunze Kiingereza. Krismasi ikifika hatutaambiwa wamebatizwa?" Baadhi ya wazazi wa AIC (Africa Inland Church) nao wakatikisa vichwa, wao wana kanisa lao na hawakutaka watoto wahamie kwetu kwa mlango wa nyuma. Baba Paroko akasimama mwenyewe. Alisema mafundisho ya dini yana katekista wake na siku yake, Jumamosi, kwa wanaoyataka. Ukumbini ni Kiingereza. Kipindi kitaanza kwa dakika moja ya kimya, kila mtoto aombe kama alivyofundishwa kwao. Fundi akasema, "Hapo sawa, Padre," na kesho yake alileta mbao mbili za kutengenezea benchi.

Kabula hakufurahi. Baada ya kikao alinifuata, Kiswahili kikamkwama, akamalizia kwa Kiingereza: amekuja kwenye misheni, amesali mwaka mzima kabla ya safari, na sasa anaambiwa asimtaje Mungu darasani. Nilimpeleka kwa Padre. Sikubaki kuwasikiliza, lakini najua wazazi wale wakigundua kwamba tunawafundisha watoto wao Kiingereza ili tuwapate, hawatarudi, na watakuwa na haki.

Michango: debe la mahindi kwa familia kwa ajili ya uji, au kuni. Chaki na madaftari ni juu ya parokia.

Oktoba 4

Wiki ya kwanza. Daftari la mahudhurio linatia huruma. Ukumbi uliofagiliwa kwa ajili ya umati una watoto waliotawanyika kwenye mabenchi ya mbele, nusu yao wakisinzia. Ngosha ameumia. Alikuwa ameandaa nyimbo, michezo, kadi za rangi alizokata mwenyewe usiku. Anadhani watoto hawampendi.

Nilimpeleka mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, saa kumi na mbili asubuhi ili ajionee. Wiki hii ni giza. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa: mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu, mitumbwi inalala. Mwezi ukifa, kila mtumbwi unaingia majini, na alfajiri mzigo unaposhuka lazima uanikwe asubuhi hiyo hiyo, la sivyo unaoza au mvua inaufuata. Nani anaanika? Mama, na watoto wake wote waliokwisha kutembea. Ngosha aliwaona wanafunzi wake wameinama mchangani, mikono inapepeta dagaa kwa kasi ambayo hajaiona darasani. Mmoja alimwamkia, "Good morning, teacher!" bila kuinua kichwa.

Tumebadilisha ratiba papo hapo. Wiki za giza, vipindi vinaanza saa nane mchana, mzigo ukishaanikwa na watoto wakishalala kidogo. Wiki za mbalamwezi tunarudi saa mbili asubuhi. Kabula amechora mwezi pembeni ya kila wiki kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, na wazazi wasiosoma wanaielewa ile karatasi kuliko matangazo yote niliyowahi kubandika.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, Ngosha anaongea haraka. Akimaliza sentensi anauliza, "Do you understand?" na ukumbi mzima unajibu, "Yeees!" Anaendelea. Mwalimu yeyote wa Tanzania anaijua ile "yes". Inamaanisha tumekusikia umeuliza. Nimemkataza kabisa swali hilo. Aulize kitu ambacho mtoto hawezi kukijibu kwa sauti ya pamoja.

Oktoba 10

Leo nataka kuandika kwa urefu, kwa sababu ratiba iliyopitishwa na kamati imepinduka.

Jumatatu, kwenye kipindi cha Ngosha, alimwona binti ambaye hana kitu mkononi. Akamuuliza, "You don't have a pencil?" Binti akajibu, "Yes." Ngosha akaona vizuri, anayo, akapita. Binti akakaa kipindi chote mikono mitupu. Kwa Kiswahili amejibu sawasawa: "Huna penseli?" "Ndiyo," yaani ni kweli sina. Kwa Kiingereza ilibidi aseme "No." Ngosha hakuwa amewahi kufikiri kwamba jambo kama hilo linaweza kuwa tatizo, kwake Kiingereza ni hewa. Nilipomweleza alishika kichwa, "Kwa hiyo wiki nzima wamenijibu kinyume?" Si wiki nzima, nilimwambia, lakini nusu yake ndiyo.

Kabula alikuwa pembeni anasikiliza, akacheka. Alisema Kiingereza kwake kilikuwa mlima, ameanguka kwenye kila jiwe lake na anayakumbuka yote. Kipolandi hakina "a" na "the", kama Kiswahili kisivyokuwa navyo. Alivisoma utotoni mpaka chuo, akavikosea mpaka chuo. Nikamwambia, haya, kesho kipindi ni chako, wafundishe hivyo.

Alikuja na ndoo. Ndani kuna dagaa wengi na sato mmoja, wote amewanunua mwaloni. Akamtoa sato: "There is a fish in the bucket." Akamweka mezani: "The fish is big." Akamficha tena nyuma ya mlango. "Where is the fish?" Sato yupi? Yule tuliyekwisha kumwona. Akarudia kwa chaki, kwa kiti, kwa mtoto aliyeitwa mbele, "a boy", kisha "the boy". Hakutoa kanuni yoyote mpaka watoto walipoanza kuitoa wenyewe kwa Kiswahili: "Madam, ya kwanza hatumjui, ya pili tunamjua." Nilifundisha jambo hili kwa miaka kwa kuandika kanuni ubaoni, na sikuwahi kuwa na ndoo.

Kisha akaenda kwenye "he" na "she". Hapo Kipolandi kinatofautisha na Kiswahili hakitofautishi, kwa hiyo alikuja kuniuliza mimi watoto wanakosea wapi hasa. Nilimwambia hawakosei kwa kutojua. Wanakosea kwa sababu mdomo haujazoea kuchagua. Basi akafanya mchezo wa kupokezana: kila mtoto anamtaja aliyekaa kulia kwake na anachokipenda, haraka, ukikosea unarudi mwanzo wa mstari. Kelele zilifika barabarani.

Jioni nimezungumza na kamati. Kuanzia wiki ijayo Kabula anaongoza vipindi vya lugha, Ngosha ni msaidizi wake, nami nakaa nyuma. Mzee wa baraza la walei alitaka kujua Ngosha amefanya kosa gani. Hajafanya kosa. Hajui anachokijua, ndiyo shida.

Oktoba 14

Siku ya Nyerere, hakuna vipindi. Wageni waliuliza kwa nini watu wanamwita Mwalimu. Niliwaambia kwamba kabla ya siasa alifundisha kweli, St. Mary's Tabora kisha St. Francis Pugu, shule za misheni zote mbili, na kwamba kwao Butiama ni jirani na kule Musoma walikotoka. Ngosha alitaka twende siku hiyo hiyo. Nikamwonyesha madaftari ambayo hayajasahihishwa.

Oktoba 18

Mbalamwezi. Ukumbi umejaa, wengine wamekaa kwenye madirisha. Sasa tatizo ni kelele. Katekista, mtu mwema kabisa, alikuja na kijiti cha mpera "cha kuonyeshea ubaoni". Nilikipokea kwa shukrani nikakiweka nyuma ya kabati la mavazi ya misa. Tumechagua viranja, msichana na mvulana kwa kila benchi refu, na Ngosha amebuni ishara: akiinua mkono kila anayeuona anainua wake na kunyamaza. Kimya kinatembea kutoka mbele mpaka nyuma. Inafanya kazi, na sikutarajia.

Kabula aligawa pipi alizotumiwa na mama yake. Masharti yangu yalikuwa wazi. Kesho yake walikuja watoto wa darasa la pili.

Oktoba 25

Nimelazimika kuwazuia wasiendelee na "My name is" na rangi na wanyama. Watoto hawa wamesema "Good morning, teacher" tangu wakiwa wadogo. Kitakachowaangusha Februari ni karatasi ya maswali. Mwanafunzi anaweza kujua kabisa jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake, akapata sifuri kwa sababu hajui "mention" inataka nini, na "define", na "differentiate", na "outline". Anaandika aya nzima palipotakiwa majina matatu.

Kwa hiyo azimio la kazi la Novemba ni hilo. Kila siku kitenzi kimoja cha maswali. Kila siku aya moja fupi ya sayansi au jiografia, isomwe, ulizwe swali, lijibiwe kwa maandishi. Mada tunazitoa hapa hapa: jua linavyokausha dagaa, mvua inavyotokea juu ya ziwa, kwa nini miamba ya Mwanza imekaa imepandana. Kabula anaandika aya usiku, mimi nazipunguza asubuhi. Bado anapenda sentensi ndefu.

Novemba 2

Matokeo ya darasa la saba yametoka wiki hii. Wengi wa watoto wetu wamefaulu. Wachache hawakufaulu na wawili kati yao wameendelea kuja darasani. Hatujawauliza kitu.

Giza tena, vipindi ni mchana. Ngosha hakutokea Jumatano. Alikuwa na homa, akajiambia ni jua. Tulimpeleka zahanati, kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto: vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Siku ya pili alijisikia vizuri akataka kuacha vilivyobaki. Mama mwenye nyumba alisimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka akameza. Chandarua chake tulikikuta kimekunjwa juu ya begi.

Novemba 15

Ngosha amepata kazi yake, na imetokea kwenye mpira.

Pamba Jiji wamerudi Ligi Kuu msimu huu baada ya miaka zaidi ya ishirini, na Mwanza nzima inaongea habari hiyo. Wavulana waliokuwa hawafungui mdomo kwenye kipindi walimkuta akicheza nao uwanjani, akawa anatangaza mpira huku anacheza, kwa Kiingereza, kama mtangazaji wa redio. Wakaanza kumwigiza. Kesho yake aliwapanga: wawili wanacheza, mmoja anatangaza, wengine wanapiga kelele akitumia wakati usio sahihi. "He pass" hairuhusiwi, ni "He passes." Mtoto ambaye hakuwahi kuitamka ile "s" ya mwisho kwa Kabula anaipigia filimbi sasa.

Jambo la pili analoliweza ni kusoma kwa sauti. Ana sauti nzuri na subira ya kurudia. Tumempa imla na usomaji wa hadithi kila kipindi cha mwisho. Ila ana lafudhi ya kwao, "three" kwake inakaribia "tree", na watoto wamerudi nyumbani wakihesabu hivyo. Mama mmoja muuza dagaa alinisimamisha njiani, "Mwalimu, huyu wenu anawafundisha watoto kuhesabu miti?" Nikamjibu kwamba hata Waingereza na Waayalandi hawasemi sawa, na kwenye mtihani wa maandishi hakuna lafudhi. Hakuridhika sana. Aliniongezea kisado cha dagaa hata hivyo.

Mvua za vuli zimekolea. Ikianza juu ya bati hakuna mwalimu anayesikika, si wa Poland, si wa Ireland, si mimi. Mvua ikinyesha sasa ni kazi ya maandishi: Kabula anaandika swali ubaoni, watoto wanajibu kwenye daftari na kubadilishana na jirani. Vipindi vya mvua vimekuwa miongoni mwa vipindi vyetu bora.

Novemba 30

Jumatano ya tarehe 27 ilikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, mapumziko.

Leo tulikwenda Kageye, Baba Paroko, wageni na watoto, kwa lori la mfanyabiashara wa dagaa ambaye hakutaka kulipwa. Wamisionari wa Afrika walifika pale mwisho wa 1878. Wawili wao wakatangulia kuvuka ziwa, wakawa Uganda Februari 1879, na misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, ikafunguliwa 1883. Padre alisimulia kwa Kiswahili siku chache kabla ya safari, watoto wakaandika. Pale Kageye kazi ilikuwa yao: kuwatembeza Kabula na Ngosha na kuwaeleza yote kwa Kiingereza, na wageni wawe na maswali ya kweli.

Binti mmoja, yule wa penseli, alisimama akasema, "The fathers was come here in 1878. They was sick." Nilimwona Kabula amefungua mdomo kisha akaufunga. Akauliza, "They were sick? Who helped them?" Binti akajibu, "They were sick, and the people of Kageye give them food." Amejisahihisha nusu bila kuambiwa. Nimewahi kusimamia wanafunzi wa ualimu waliomaliza chuo ambao wasingejizuia hivyo.

Mtoto wa fundi wa mitumbwi ndiye aliyeeleza habari za wamisionari kwa utaratibu kuliko wote, na miaka yote alikuwa nayo kichwani. Nilimpelekea baba yake salamu.

Desemba 7

Kidato cha nne wamemaliza mitihani yao Novemba, nasi tumewachukua vijana wetu wanne wa kigango hiki kuwa wasaidizi wa ukumbini. Hii ndiyo hatua niliyoisubiri tangu mwanzo. Wamepita kwenye mlango huo huo miaka minne iliyopita, wanajua ni neno gani liliwafunga. Kabula anawaonyesha andalio la somo linavyoandikwa. Wao wanamwonyesha maswali ya kidato cha kwanza waliyoyakosa. Mmoja wao, binti, amefundisha "differentiate" kwa kutumia sangara na sato, meno, magamba na bei, vizuri kiasi kwamba Ngosha aliinua mkono kuuliza swali.

Wageni wataondoka. Vijana hawa watabaki hapa, au angalau watarudi likizo.

Desemba 20

Kufunga. Uji wa mwisho, cheti cha karatasi kwa kila mtoto, wazazi wakaleta kuku. Uchaguzi wa kidato cha kwanza umetoka na wengi wamepangiwa sekondari ya kata. Baba Paroko aliwaombea wote kwa pamoja kwa maneno machache, kisha akampa nafasi fundi wa mitumbwi, naye akaomba dua. Kabula alikuwa amesimama karibu nami. Alisema "Amina" mara zote mbili.

Januari 18, 2025

Shule zimefunguliwa Jumatatu. Leo watoto kadhaa wamepita kigangoni na sare mpya, shati bado zina mikunjo ya dukani. Taarifa zao zinachanganya. Walimu wengine wanafundisha kwa Kiingereza wakarudia kwa Kiswahili, na hapo wanaenda. Kwenye Bayolojia maneno ni mengi mno, wanakesha nayo. Mvulana mmoja wa mpira alisema mwalimu aliandika "Outline" ubaoni na yeye ndiye aliyewaeleza wenzake inataka nini. Wale wa "tree" wamechekwa siku moja, yamekwisha.

Barua kwa waliotuma vijana hawa imeandikwa leo, Padre ameisaini. Tumewashukuru, na ni shukrani ya kweli. Tumeomba wanaofuata wafike Agosti ili wapate wiki za kukaa nyuma ya darasa langu kabla ya kupewa chaki. Tumeomba wakae mwaka, kama Kabula atakavyokaa. Ngosha anaondoka Februari wakati ndipo ameanza kuwa mwalimu. Na tumeandika kwamba hatuhitaji sana mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Tuleteeni aliyekisoma shuleni, akakikosea, akakipata. Mzee wa baraza la walei aliisikiliza barua yote, akataka neno "sana" lifutwe. Tumelifuta.

Binti wa penseli hajaripoti shuleni. Amepangiwa, ada hakuna tangu 2016, lakini sare na daftari vina bei, na nasikia kuna shangazi mjini anayetafuta msaidizi wa nyumbani. WAWATA wamechanga sare. Jumatatu asubuhi mimi na katekista tunakwenda kwao. Ni wiki ya mbalamwezi inayoelekea giza, kwa hiyo mama yake tutamkuta nyumbani.